Umeambiwa kinga yako inalishambulia ini lako: uanzie wapi, kwa wenzangu wa Unguja na Pemba

Assalaam alaykum. Hii naiandika kwa yule aliyetoka hospitali jana au juzi na karatasi ya majibu mkononi, kaambiwa ana hepatitisi ya otoimyuni, na njia nzima anajiuliza ni kitu gani hicho na ana muda gani wa kuishi. Mie ninao ugonjwa huu, miaka sasa, na nafanya kazi, nalea watoto, napika futari ya nyumba nzima, kwa hivyo la mwanzo nnalotaka ulishike ni kwamba huu ni ugonjwa wenye dawa, na dawa yake inawasaidia watu wengi sana wakiinywa inavyotakiwa. Mengine yote nitakayosema yanazunguka hapo hapo: kunywa dawa, kupima damu, na kutouachia mtaa ukakutibu wao. Mie si daktari, dozi yako unayo wewe na daktari wako, lakini kuna mambo mengi daktari hana muda wa kukwambia maana nje foleni imefika mlangoni.

Kwanza ujue ni nini

Kinga ya mwili, hiyo hiyo inayotulinda na maradhi, imeliona ini kuwa kitu kigeni ikaanza kulipiga. Seli za ini zinavimba, zinakufa, na ikiachiwa hivyo miaka ini linajaa makovu mpaka linasinyaa, ndo hiyo wanayoiita sirosisi. Wanaoupata wengi ni wanawake, kiasi cha robo tatu, lakini wanaume wapo na watoto wapo. Hakuna ulichokula wala ulichofanya kikauleta. Si pombe, na hili nalisema kwa nguvu kwa sababu kwetu huku mtu akisikia ini la fulani limeharibika wazo la kwanza ni pombe, basi mtu hajawahi hata kuinusa katika maisha yake anabaki kujitetea mbele ya wakwe. Wala hauambukizi. Si kwa mate, si kwa kulala pamoja, si kwa kula sinia moja.

Hapo kwenye kuambukiza ndo penye kazi, maana ukitaja ini watu wanasikia homa ya ini B tu, na utaona kikombe chako kinaanza kuwekwa peke yake. Usijichoshe kumueleza kila mtu. Chagua watu watatu wanne wa karibu, mume au mke, mama, dada, mtu mmoja kazini anayeweza kukupa ruhusa siku za kiliniki, na hao uwaeleze vizuri. Wengine wote wape sentensi moja tu na uirudie hiyo hiyo bila kuongeza: "Kinga yangu ya mwili inalisumbua ini, hauambukizi, natumia dawa." Ukianza kuongeza maelezo ndo wanaanza kuongeza maswali, na ukirudi nyumbani habari ishafika kwa shangazi ikiwa na mguu na mkono.

Muulize pia daktari jina kamili la ugonjwa wako, umuombe aliandike. Magonjwa ya ini ya namna hii yako matatu makubwa na hayatibiwi sawa. Hepatitisi ya otoimyuni inapiga seli za ini zenyewe na dawa yake ni za kutuliza kinga. Kuna inayopiga vijia vidogo vya nyongo ndani ya ini, wanaiita PBC, hiyo mtu anawashwa sana mwili na dawa yake ya mwanzo ni asidi ya ursodeoksikoliki. Na kuna PSC, inayofanya makovu kwenye mirija ya nyongo, mara nyingi inaandamana na vidonda vya utumbo mpana. Kuna watu wana mchanganyiko. Mie naongelea hiyo ya kwanza hasa, ila mambo ya vipimo na miti shamba yanawahusu wote.

Vipimo, na vile ambavyo uvidai

Pengine umeshafanyiwa vingi: ALT na AST, vimeng'enya vinavyovuja seli za ini zikiumia, zimepanda, IgG, aina moja ya protini za kinga, imepanda, na damu imeonyesha zile antibodi za kinga kujishambulia, ANA au SMA. Vizuri. Lakini kabla hujaanza dawa za kutuliza kinga kuna vitu uhakikishe vimeangaliwa, na usione haya kuuliza, ni mwili wako. Homa ya ini B na C ni lazima, na kwa B usitosheke na HBsAg peke yake, kinachoonyesha kirusi kipo sasa, uliza na kile cha anti-HBc, kinachoonyesha uliwahi kukipata, kwa sababu mtu aliyepata B zamani akapona bila kujua anaweza kuwa na kirusi kimelala, na dawa hizi zinaweza kukiamsha. HIV na kifua kikuu navyo. Halafu kuna minyoo, wengi hawaifikirii: kuna mdudu mdogo anaitwa strongiloidi, anaingia kwa ngozi ya miguu kutoka kwenye udongo, anaweza kukaa ndani ya mtu miaka na miaka bila dalili, na mtu akianza prednisoloni, dawa kubwa ya kutuliza kinga, mdudu huyo anaweza kuzaliana akasambaa mwili mzima. Sie tuliokulia kwenda peku shamba tumwambie daktari hivyo hivyo, "nimekulia shamba, nilikuwa natembea peku", atajua la kufanya.

Kuna pia dawa zenyewe zinazoweza kuliharibu ini kwa sura inayofanana kabisa na ugonjwa huu, ikiwemo nitrofurantoini ambayo watu hupewa kwa mkojo mchafu. Kwa hivyo kila dawa uliyokunywa miezi ya nyuma itaje, na ya duka la dawa, na ya kusuguliwa kwenye chungu, na mirungi kama umewahi kutafuna. Daktari hayuko pale kukuhukumu.

Bayopsi ya ini, yaani kutolewa kijipande kidogo cha ini kwa sindano kikapimwe, ukiambiwa, usikimbie. Jina lake ndo linatisha. Unalala chali, mkono wa kulia unauweka juu ya kichwa, wanatafuta mahali kwa ultrasaundi, wanakuchoma ganzi katikati ya mbavu upande wa kulia, kisha unaambiwa uzuie pumzi kidogo na sindano inaingia na kutoka hapo hapo, haraka kuliko unavyotegemea. Baadae unalala kitandani masaa kadhaa wanakupima presha na mapigo, na bega la kulia linaweza kuuma, ni kawaida, mishipa ya fahamu ndo inapeleka maumivu huko. Kabla yake watapima kama damu yako inaganda vizuri, na kama unatumia aspirini sema mapema, siku kadhaa kabla, usingoje kusema ukiwa umeshalala mezani. Faida yake ni kwamba inaonyesha uvimbe ulivyo na makovu yamefika wapi, na hilo la makovu damu peke yake haisemi sawa sawa.

Na hapa nikwambie ukweli, kiasi cha mtu mmoja katika kila watatu hugundulika tayari ana sirosisi, kwa sababu ugonjwa huu unaweza kukaa kimya. Ukiwa ni wewe, usidhani mlango umefungwa. Makovu yanaweza kupungua kwa baadhi ya watu uvimbe ukitulia. Ila kazi inaongezeka: ultrasaundi kila miezi 6 kuangalia uvimbe wa saratani mapema, na endoskopi, ile kamera inayopitishwa mdomoni, kuangalia mishipa ya kooni kama imevimba.

Wenzangu wa Pemba, rufaa ya kuja Mnazi Mmoja au kuvuka mpaka Muhimbili ikitoka, iandalieni. Beba majibu yote ya zamani, si ya mwisho tu, na yapige picha yote kwenye simu kabla ya kupanda boti, karatasi zinalowa, zinapotea. Nimemuona mtu anarudiwa vipimo ambavyo alikuwa ameshavilipia, kwa sababu bahasha ameisahau kwa ndugu yake.

Vidonge vyenyewe

Kwa wengi ni viwili, prednisoloni na azathioprini. Prednisoloni ndo inayozima moto, kwa kawaida inaanza kati ya miligramu 30 na 60 kwa siku halafu inapunguzwa kidogo kidogo wiki kwa wiki mpaka 10 au chini yake. Azathioprini inaongezwa baada ya kama wiki mbili, mara nyingi kuanzia miligramu 50, nayo ni ya kukaa muda mrefu ili prednisoloni iweze kushuka.

Sasa vidonge vya prednisoloni vingi ni vya miligramu 5, kwa hiyo ukiandikiwa 40 unatia mkononi vidonge vinane kwa mara moja, na siku ya kwanza lazima ushtuke, utafikiri mfamasia amekosea. Hajakosea. Vinywe vyote asubuhi baada ya kula, si jioni, maana jioni vinakuondolea usingizi utasikia adhana ya alfajiri macho makavu.

Jambo ambalo nataka uliandike ukutani: prednisoloni haiachwi ghafla. Ukishaitumia zaidi ya wiki kama tatu, tezi zilizo juu ya figo zinaacha kutengeneza homoni yake ya asili kwa sababu zinaipata bure, sasa ukikata siku moja mwili unabaki bila kitu, presha inaanguka, unatapika, unaweza kufa, na huku nyuma ini nalo linawaka upya. Na si kukusudia kuacha tu. Dawa ikikuishia ni hivyo hivyo. Ukitapika siku nzima dawa haikai, nenda hospitali wakakuchome sindano badala yake. Ukipata ajali, ukifanyiwa operesheni, ukienda kung'oa jino, sema unatumia prednisoloni. Mie nina kikaratasi kwenye pochi nyuma ya kitambulisho, kimeandikwa jina la ugonjwa, dawa na dozi, na kwamba nisikatishwe. Andika na wewe leo.

Kwa azathioprini la muhimu ni FBP, kile kipimo cha damu kamili, kwa sababu dawa hii inaweza kushusha chembe nyeupe bila wewe kuhisi chochote. Mwanzo hupimwa karibu karibu, kila wiki au wiki mbili, kisha kila mwezi, ukitulia inafika miezi mitatu. Kichefuchefu siku za mwanzo kipo, kunywa baada ya chakula kinapungua. Lakini tumbo likiuma vikali kwa juu likapenya mpaka mgongoni, hiyo huenda ni kongosho, usivumilie, nenda. Na kama una gauti, au kuna mzee nyumbani mnagawana dawa, ujue alopurinoli na azathioprini hazichanganywi bila daktari kujua, zikikutana zinaiangusha damu vibaya.

Kuhusu kuzipata, azathioprini haikai kila duka la dawa. Tafuta famasia moja, jenga urafiki na mfamasia, mwache namba yako, na ununue kabla haijaisha ukiwa bado na akiba ya wiki mbili. Kwa walioko Pemba wanaoagizia dawa Unguja ndo kabisa, kusi likivuma boti inaweza isije, na siku za Idd kila kitu kimefungwa. Kama uko kwenye Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar uliza kwa jina la dawa, hii imo au haimo, usiulize tu "dawa za ini", utajibiwa jibu la jumla.

Miezi ya mwanzo ya prednisoloni

Hii sehemu ningependa mtu aniambie mapema kwa hiyo naikalia kidogo. Utapata njaa ambayo huijui. Saa tisa usiku unafungua friji. Uso utavimba uwe wa mviringo, shavu litajaa, chunusi, na ukienda harusini kila mtu atakwambia umenawiri, maisha yamekukubali, na wewe unajua ni dawa na unataka kulia. Jibu lao ni "alhamdulillah" na unaendelea na biriani yako. Uso unarudi dozi ikishuka, taratibu, miezi.

Na hasira. Utamkaripia mtoto kwa sababu kamwaga uji halafu utalia kwa kumkaripia. Waambie nyumbani siku ya kwanza kabisa kwamba dawa inaleta hasira na kukosa usingizi, ili ikija waijue ni dawa, wasifikiri umebadilika au una jini. Ikizidi, ukaanza kuona au kusikia visivyokuwepo, au moyo ukawa mzito mpaka huoni faida ya kuishi, hilo daktari alijue siku hiyo hiyo.

Kisha sukari na presha, zinapanda kimya. Pima sukari kila ukienda kiliniki. Halua ya Wete itakuita, wallahi naielewa, kula kipande usile sahani. Chumvi punguza, na hapa adui wetu ni ng'onda na papa mkavu, na zile achari, maana mguu tayari unavimba kwa dawa. Mwenye sirosisi na maji tumboni ndo asiguse kabisa vitu hivyo vya chumvi. Mifupa nayo inalika, kwa hiyo dagaa na mifupa yake, maziwa, mtindi, na uliza daktari kuhusu vidonge vya kalsiamu na vitamini D. Tembea. Asubuhi ufukweni au kuzunguka mtaa, nusu saa. Macho yaangaliwe baada ya muda, dawa hii inaleta mtoto wa jicho.

Zaidi ya hapo, chakula hakina mambo mengi. Hakuna lishe maalumu ya ugonjwa huu. Karanga na mahindi yenye ukungu tupa, sumu ya ukungu ule inaliumiza ini moja kwa moja. Chaza na vitu vya baharini vile visivyoiva achana navyo. Kahawa haina ubaya, kunywa barazani kwa raha zako. Pombe hapana.

Daftari

Nunua kaunta buku, chora safu: tarehe, ALT, AST, bilirubini, albumini, IgG, chembe nyeupe, dozi ya prednisoloni, dozi ya azathioprini, na safu pana ya mwisho ya "nilivyohisi". Kila ukipata majibu jaza siku hiyo hiyo. Mstari wangu mmoja wa zamani unasomeka: ALT imeshuka, prednisoloni 20, usingizi hamna, magoti yanauma, nimeweza kufua. Hiyo "nimeweza kufua" ilimwambia daktari wangu mengi kuliko mie ningeweza kueleza pale kwenye kiti.

Kuzisoma namba si vigumu. ALT na AST ni moshi, zinakwambia kuna kitu kinaungua, hazikwambii nyumba imebaki kiasi gani. Kujua ini linafanya kazi vipi angalia bilirubini, ile rangi ya manjano ambayo ini huitoa, albumini, protini ambayo ini huitengeneza, na INR ambayo inapima kuganda kwa damu. Lengo la dawa ni ALT, AST na IgG zote zirudi kwenye kiwango cha kawaida, si kupungua tu. Kiwango kimeandikwa pembeni ya majibu yako, na kila maabara ina cha kwake, ndo maana nakusihi upime maabara moja ile ile ukiweza, namba za sehemu mbili tofauti zitakupa khofu bure. Na kipimo kimoja kikipanda kidogo usianze kuandika wasia, angalia mwendo wa namba tatu nne.

Miti shamba, kombe na hijama

Hapa najua naingia pabaya, lakini ndo penye madhara zaidi kwa watu wetu, na siwezi kupapita. Utaletewa. Mama mdogo atakuja na chupa ya lita na nusu imejaa maji ya mizizi, rangi ya udongo, kaitoa kwa mtu wa kuaminika kabisa aliyewaponya wengi. Anakuletea kwa mapenzi. Sasa, kila unachokunywa kinapita kwenye ini, na ini lako ndo linalopigwa. Mizizi iliyochemshwa haina kipimo cha dozi, hujui ni mti gani umechanganywa na mti gani, na mimea kadhaa inajulikana kuumiza maini ya watu wazima wasio na ugonjwa wowote, shubiri ya kunywa imo, vidonge vizito vya majani ya chai ya kijani vimo, na hata vile vidonge vya manjano vinavyouzwa kwa afya. Manjano ya kutia kwenye mchuzi ni sawa, mchuzi hauna shida.

Kuna tatizo la pili. ALT ikipanda baada ya wewe kunywa mizizi, daktari hatajua ni ugonjwa umerudi au ni mizizi, na anaweza kukuongezea prednisoloni usiyoihitaji. Kwa hiyo kama umeshakunywa, sema. Na mama mdogo usimvunje moyo, mpokelee kwa heshima, mwambie "ahsante sana mama, daktari kanizuia kunywa chochote mpaka vipimo vikae sawa, niombee dua tu". Dua haina madhara kwenye ini. Kisomo haina. Kombe mie ningesema muulize anayeliandika ametumia wino gani, zaafarani na marashi ni jambo moja na rangi za dukani ni jambo jengine, na kama hajui usinywe, akusomee tu. Hijama ya kuchanja, ngoja: chembe za kugandisha damu zikiwa chini unaweza kutoka damu isisimame, na kinga imeshushwa kwa dawa, kile kidonda kidogo kinaweza kuoza. Muulize daktari wako kwanza, na ukikatazwa ukatazike.

Dawa za maumivu pia. Diklofenaki na ibuprofeni usizimeze hovyo, zinaumiza figo na tumbo, kwa mwenye sirosisi ni hatari zaidi. Parasetamoli ndo salama kuliko hizo ila isizidi gramu 2 kwa siku, yaani vidonge vinne vya miligramu 500.

Ramadhani

Kila mwaka ikikaribia Shaabani nafsi inaanza kutaabika. Miezi ya mwanzo, dozi kubwa, vipimo bado juu, madaktari wengi watakwambia usifunge, na ruhusa ya mgonjwa iko wazi kwenye Qur'ani, Al-Baqara aya ya 184 na 185. Ukishatulia, dozi ndogo, huna sirosisi iliyochachamaa, wengi hufunga, prednisoloni wanainywa wakati wa daku na azathioprini baada ya futari, lakini mpango huo upangwe na daktari mwezi mmoja kabla, usiuhamishe mwenyewe usiku wa kuandama mwezi. Mwenye maji tumboni, au aliyewahi kuchanganyikiwa kwa ajili ya ini, asifunge, na suala la fidia au kulipa amuulize shekhe wake akiwa ameshamuuliza daktari.

Linaloumiza watu ni kule kula mchana wakati nyumba nzima imefunga. Unajificha chumbani na mkate wako unajiona mkosaji. Mie nilikaa na mume wangu na watoto wakubwa nikawaeleza, basi mchana chakula changu kinawekwa mahali pake kimefunikwa na hakuna anayeuliza. Wengine nyumba zao haziko hivyo, najua. Hata hivyo dawa isirukwe kwa kuogopa mtu kukuona unameza.

Uzazi na chanjo

Wanaotaka kuzaa, inawezekana, wengi wamezaa. Ungoje ugonjwa utulie kwanza, kama mwaka hivi, na umwambie daktari kabla ya kushika mimba. Azathioprini mara nyingi huendelea mpaka kujifungua kwa usimamizi. Kama umebadilishiwa ukapewa mikofenoleti, dawa nyingine ya kutuliza kinga, hiyo na mimba haiendi kabisa, inaharibu mtoto. Na miezi ya baada ya kujifungua ugonjwa hupenda kurudi, kwa hiyo ukiwa arubaini bado damu ipimwe, mtu akakutolee nyumbani au upelekwe, haisubiri utoke ndani.

Chanjo ya homa ya ini A na B kama huna kinga, na ya mafua. Chanjo zilizo hai, yaani surua, tetekuwanga na homa ya manjano, hazifai ukiwa kwenye dawa hizi, na ukitaka kusafiri nchi inayodai kadi ya manjano omba barua ya daktari ya kukusamehe mapema. Ukikaa karibu na mtoto mwenye tetekuwanga na wewe hujawahi kuugua, piga simu siku hiyo.

Usiku wa kutoka mbio

Homa. Mtu wa kawaida analala na parasetamoli anangoja asubuhi, wewe huna ruhusa hiyo tena. Ukipanda joto nenda, upimwe malaria na FBP, na useme mlangoni unatumia dawa za kushusha kinga. Kadhalika ukitapika damu, choo kikiwa cheusi mfano wa lami, tumbo likijaa maji likiuma, macho yakirudi manjano na mkojo kuwa mweusi, au watu wa nyumbani wakiona unajibu vitu visivyoeleweka, unalala mchana unakesha usiku, mikono inatikisika. Hilo la kuchanganyikiwa wewe mwenyewe hutalijua, kwa hiyo mfundishe mtu wa nyumbani aangalie. Na mwambie asikupeleke kisomoni kwanza. Hospitali kwanza, Abdalla Mzee, Chake, Wete, Mnazi Mmoja, popote palipo karibu, kisomo mkasome hapo hapo kitandani.

Je, dawa ni za maisha?

Swali la kila mtu. Kwa wengi ni miaka, na kwa wenye sirosisi mara nyingi ni moja kwa moja. Madaktari hawafikirii kuachisha mpaka vipimo vyote, ALT, AST na IgG, vikae sawa angalau miaka 2 mfululizo, na wengine wanataka bayopsi nyingine kwanza. Hata hapo wengi wanaoachishwa ugonjwa unarudi, zaidi ya nusu, na hasa mwaka wa mwanzo. Kwa hiyo ukija siku ukajisikia mzima kabisa, unapanda ngazi mpaka juu bila kuhema, macho meupe, usiseme nimepona ukatupa boksi. Umekuwa mzima kwa sababu unakunywa. Ukitaka kujaribu kuacha liseme kiliniki, mpange pamoja, mpunguze kidogo kidogo, na damu ipimwe kila mwezi kwa miezi ya mwanzo, kisha kila miezi mitatu, na baadae mara moja au mbili kwa mwaka, hata kama hukurudishiwa dawa.